Mgeni Mwenye Bunduki: Nani Hujibu Akikosea?

SOMO LA KIKUNDI
Lengo: Kila mwanakikundi aelewe kwa kifupi mikataba ya majeshi ya kigeni inasema nini, na ajue hatua za kuchukua mtu akiumizwa.
Muda: Saa moja na nusu. Mnaweza kuligawa kwa mikutano miwili.
Vifaa: Daftari la kikundi, kalamu, Biblia moja.



Katika masomo yetu tumezoea kuongea juu ya mambo ya karibu: daftari la akiba, katiba ya kikundi, maji, choo, hati ya ploti. Leo tunaleta jambo ambalo wengine watasema ni la wakubwa wa Nairobi na London. Ni mikataba inayoruhusu askari wa nchi moja kukaa au kufanya mazoezi katika nchi ya wengine. Mtauliza, "Sasa hayo yanatuhusu nini sisi watu wa Wendani?" Yanatuhusu kwa sababu tatu.

Kwanza, sisi ni majirani wa kambi tangu zamani. Nyinyi mnaopita kila siku mbele ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, jueni kwamba mahali pale palikuwa kambi ya jeshi la Uingereza iliyoitwa Templer Barracks. Mwaka 1965 Waingereza waliikabidhi kwa Serikali ya Kenya huru, ikageuzwa kuwa Kenyatta College, na mwaka 1985 ikawa chuo kikuu kamili. Kambi ya Kahawa tuliyo nayo jirani leo ni ya jeshi letu wenyewe. Lakini kwa miaka mingi ndani yake kile kikosi cha mazoezi cha Waingereza kinachoitwa BATUK kilikuwa na kambi yake ndogo, jina lake Kifaru. Makao makuu ya kikosi hicho yako Nanyuki.

Pili, wengi wetu hapa tuna ndugu Laikipia, Nyeri, Isiolo na Samburu. Huko ndiko mazoezi yenyewe hufanyika, na huko ndiko watu wameumia.

Tatu, kuna wazazi kati yetu ambao watoto wao wamevaa magwanda ya Kenya wakatumwa Somalia, Congo na hata Haiti. Huko, wao ndio wageni wenye bunduki.

Jambo kuu la somo hili ni moja, na tungependa mlishike. Mkataba ukishatiwa sahihi, umekwisha kujibu maswali mawili kabla ya mtu yeyote kuumia: ni nani atamhukumu mkosaji, na ni nani atamlipa aliyeumia. Mtu anayejua majibu hayo, na aliye na maandishi mkononi, anaweza kusikizwa. Asiyejua huambiwa "nenda urudi kesho" mpaka miaka inaisha.

TUANZE NA HEMA NA VITI

Vikundi vingi vya kina mama hapa kwetu hukodisha hema, viti na sufuria kwa harusi na matanga. Wacha tuseme kikundi kimekodisha viti 200. Jioni vinarudi, na 12 vimevunjika. Nani atalipa?

Kama vilivunjwa na wageni wa harusi wakicheza, mwenye harusi atalipa. Kama vilivunjwa na vijana wa kikundi wakipakia kwenye lori, kikundi chenyewe kitabeba hasara, kwa sababu vijana wale walikuwa kazini kwa ajili ya kikundi. Na kama kijana mmoja wa kikundi aliiba simu ya mgeni wa harusi? Hapo hakuna cha kusema "alikuwa kazini." Kuiba si kazi ya kikundi. Huyo anapelekwa polisi kama mtu mwingine yeyote.

Kikundi chenye busara huandika haya yote kwenye karatasi kabla ya hema kutoka stoo. Kikundi kisichoandika hukosana na mwenye harusi, na baadaye wanakikundi hukosana wao kwa wao.

Mkiushika mfano huu wa viti, mmeushika mkataba wa majeshi ya kigeni. Maswali ni yale yale.

MKATABA WA NAMNA HII HUSEMA NINI

Mkataba wa majeshi ya kigeni huwa na mambo mengi: forodha, leseni za magari, ndege zitatua wapi, askari wataingia nchini kwa karatasi gani. Lakini sehemu inayomgusa mwananchi ni ile ya mashtaka na malipo.

Mfano unaojulikana sana duniani ni mkataba wa mwaka 1951 wa nchi za NATO, yaani Marekani, Kanada na nchi za Ulaya zilizoungana kijeshi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Nchi hizo zilijua askari wao watakaa kwa wenzao muda mrefu, zikakubaliana hivi:

1. Askari akimkosea askari mwenzake wa jeshi lake, au akiharibu mali ya jeshi lake, nchi yake ndiyo ya kwanza kumhukumu.

2. Askari akifanya kosa akiwa katika kazi aliyotumwa, hapo pia nchi yake ndiyo ya kwanza kumhukumu.

3. Makosa mengine yote, kwa mfano askari aliyetoka jioni kunywa akampiga au kumuua raia, nchi mwenyeji ndiyo ya kwanza kumhukumu.

4. Nchi yenye haki ya kwanza inaweza kumwachia mwenzake kesi ikiombwa.

Tazameni yale maneno "katika kazi aliyotumwa." Ni maneno machache, lakini kesi nyingi huanguka au kusimama hapo. Ndiyo maana mtu akiumia, jambo moja la kuandika mapema ni hili: askari yule alikuwa akifanya nini wakati ule? Alikuwa kwenye gari la jeshi na msafara, au alikuwa baa? Alikuwa na magwanda au nguo za kiraia? Saa ngapi?

Hapa tukumbushane pia tofauti ya njia mbili. Kuna njia ya jinai, ambayo mkosaji hushtakiwa na anaweza kufungwa. Na kuna njia ya madai, ambayo aliyeumia hulipwa fidia. Kushindwa katika njia moja si kushindwa katika zote mbili. Watu wengi huacha madai yao kwa sababu polisi hawakumshika mtu. Wasiache.

KENYA NA UINGEREZA

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Hata baada ya jeshi la kikoloni kuondoka, serikali hizi mbili zilikubaliana Waingereza waendelee kuja kufanya mazoezi. Makubaliano hayo yamekuwa yakiandikwa upya kila baada ya muda. Mkataba wa Ushirikiano wa Ulinzi wa mwaka 2015 ulifuatwa na mwingine uliotiwa sahihi London mwezi Julai 2021, na Bunge letu likauidhinisha mwaka 2023. Katika mpango huu, vikosi vikubwa vya Uingereza, hadi batalioni 6 kwa mwaka, huja kufanya mazoezi ya wiki kadhaa. Jeshi letu nalo hupata mafunzo na misaada, na watu wa Nanyuki hupata kazi na biashara. Haya mazuri tusiyafiche, maana mwenye kutafuta haki husema ukweli wote.

Katika mashtaka, mkataba huu unafuata njia ile ile tuliyoeleza: kosa la kazini ni la Uingereza kwanza, kosa la nje ya kazi dhidi ya Mkenya ni la Kenya kwanza. Wabunge walipoujadili walitaka jambo la mauaji liandikwe wazi, kwamba askari anayemuua Mkenya ashtakiwe hapa hapa Kenya. Mkataba pia uliweka kamati ya pamoja ya serikali mbili ya kushughulikia malalamiko na madai.

Je, mkataba kama huu ni siri ya wakubwa? Hapana. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 2(6), inasema mkataba ambao Kenya imeuidhinisha ni sehemu ya sheria za Kenya. Kifungu cha 240 kinasema Baraza la Usalama wa Taifa haliwezi kukubali majeshi ya kigeni kuwekwa Kenya bila idhini ya Bunge. Na sheria ya mwaka 2012 juu ya mikataba inataka wananchi waulizwe maoni kabla Bunge halijaidhinisha. Kwa hiyo mbunge wetu akipiga kura juu ya askari wa kigeni, anapiga kwa niaba yetu. Tuna haki ya kumuuliza alisema nini siku hiyo.

MAMBO YALIYOTOKEA

Sasa tuone mambo manne ya kweli. Mwenyekiti asome moja moja, polepole, na baada ya kila moja kikundi kijiulize: hapa nini kilisaidia, na nini kilikwamisha?

Mabomu ya Dol Dol na Archer's Post. Kwa miaka mingi wachungaji wa Kimaasai na Kisamburu walikuwa wakipata mabomu yaliyoachwa kwenye viwanja vya mazoezi bila kulipuka. Watoto wakidhani ni vyuma vya kuchezea. Wengine walikufa, wengine walipoteza mikono, miguu au macho. Swali gumu likawa: bomu hili ni la nani? Kwa maana jeshi la Kenya nalo lilitumia viwanja hivyo. Watu walijikusanya, wakasaidiwa na mashirika ya huko nyumbani, wakapata mawakili wa kampuni ya Leigh Day ya London. Mwezi Julai 2002 Serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu zaidi ya 200. Mtu mmoja mmoja asingefika London. Walifika kwa sababu walikwenda pamoja, kila mmoja na maelezo yake.

Kina mama walioshambuliwa. Baada ya hapo, kuanzia mwaka 2003, mamia ya wanawake walijitokeza wakasema wamenajisiwa na askari wa Uingereza, wengine miaka mingi nyuma. Polisi wa jeshi la Uingereza walifanya uchunguzi, wakaufunga mwaka 2006 bila askari hata mmoja kushtakiwa. Walisema maandishi mengi ya polisi na hospitali waliyoonyeshwa yalikuwa ya kughushi. Wanawake wengi wanasema hawakusikizwa mpaka leo. Ndugu zetu, hapa pana uchungu mara mbili. Mwanamke aliyeumizwa kweli, kisha karatasi ya uongo ya mtu mwingine ikamharibia hata ukweli wake. Mtu akija kwenye kikundi na kusema, "Tuongeze majina, pesa zitakuja," mjue anawaibia wale walioumia.

Moto wa Lolldaiga. Tarehe 24 Machi 2021, wakati wa mazoezi ya askari wa Uingereza, moto ulishika hifadhi ya Lolldaiga kule Laikipia ukaunguza maelfu ya ekari. Majirani walilalamika juu ya moshi, mifugo na malisho. Walikwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Uingereza ilisema mahakama ya Kenya haina uwezo juu yake, kwa kuwa nchi ya kigeni ina kinga. Mwaka 2022 mahakama ilikataa hoja hiyo. Ilisema kwa kukubali mkataba wa ulinzi, Uingereza ilikuwa imeiacha kinga hiyo. Mwezi Agosti 2025 ilijulikana kwamba Uingereza imelipa pauni milioni 2.9 kwa watu 7,723. Hebu mweka hazina apige hesabu. Kama zingegawanywa sawasawa, ni kama pauni 375 kwa kila mmoja. Wengine walisema hazitoshi kitu. Lakini hata hizo zisingepatikana kama mkataba usingesomwa mbele ya jaji.

Agnes Wanjiru. Alikuwa msichana wa miaka 21 kule Nanyuki, mama wa mtoto mchanga. Mwezi Machi 2012 alionekana mara ya mwisho hotelini pamoja na askari wa Uingereza. Baada ya kama miezi miwili mwili wake ulipatikana ndani ya tangi la maji machafu la hoteli hiyo. Mwaka 2019 hakimu wa Nanyuki, baada ya kusikiza ushahidi, alisema aliuawa na askari wa Uingereza, mmoja au wawili. Hata hapo mambo hayakwenda mbio. Mwezi Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa hati ya kumkamata aliyekuwa askari mmoja, na Novemba 2025 alikamatwa Uingereza ili mahakama ya huko isikize ombi la kumleta Kenya. Yeye amekana, na mtu hahesabiwi mwenye hatia mpaka mahakama iseme. Lakini hesabuni miaka: kutoka 2012 mpaka 2025 ni miaka 13. Mtoto aliyeachwa akinyonya alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa.

Tazameni vizuri jambo hili la Agnes. Kosa la namna hiyo, nje ya kazi, dhidi ya raia, liko katika fungu ambalo nchi mwenyeji ndiyo ya kwanza kuhukumu. Mkataba mzuri kwenye karatasi haumkamati mtu. Anakamatwa pale ambapo polisi wamechunguza, mashahidi wamesema, familia imesimama imara, na magazeti na wananchi wamekataa kunyamaza. Mwaka 2024 kamati ya Bunge ilifika Laikipia na Samburu, wananchi wakatoa malalamiko yao uso kwa uso, na mwishoni mwa 2025 kamati ikatoa ripoti yake. Wale waliosimama kusema mbele ya wabunge walikuwa wachungaji, kina mama na wazee wa vijiji, watu kama sisi.

NA ASKARI WETU JE?

Jeshi la Kenya liliingia Somalia mwezi Oktoba 2011, na baadaye likawa chini ya Umoja wa Afrika. Umoja huo ulikuwa umefanya mkataba na serikali ya Somalia mwaka 2007. Chini ya mkataba huo, askari wa kulinda amani akikosea Somalia, nchi yake mwenyewe ndiyo humshtaki. Mwaka 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifanya mkataba na Congo kabla ya vikosi vyake kwenda Goma. Askari wetu walifika huko Novemba 2022 na wakaondoka Desemba 2023. Mwaka 2024 polisi wetu walipokwenda Haiti, huko nako makubaliano yaliandikwa kwanza.

Mzazi mwenye mtoto kule atasema, "Ni vizuri. Sitaki mwanangu ahukumiwe katika mahakama ya nchi yenye vita." Ni kweli, na ndiyo sababu mikataba hii ipo. Lakini mama Msomali ambaye ng'ombe wake wameuawa, au mtoto wake amepigwa risasi, atapeleka malalamiko wapi? Afunge safari mpaka Nairobi? Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Haki tunayodai kwa Waingereza juu ya watu wa Nanyuki, ndiyo hiyo hiyo serikali yetu inapaswa kuwapa watu wa Kismayu. Kikundi kinachodai upande mmoja tu bado hakijaelewa somo.

TUPIME KWA NENO LA MUNGU

Someni Luka 18:1–8, juu ya mjane na kadhi asiye na haki. Mjane yule hakuwa na pesa wala mtu mkubwa wa kumsemea. Alikuwa na neno lake moja, akarudi na kurudi mpaka kadhi akachoka. Angalieni pia kwamba mjane alikwenda mahali pa haki penyewe. Hakumtupia adui yake mawe usiku.

Papa Yohane wa XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru wetu, alifundisha kwamba kila mtu ana haki na wajibu kwa sababu ni mtu, na kwamba mataifa nayo yana haki na wajibu kati yao. Taifa kubwa halina ruhusa ya kumdharau mtu wa taifa dogo. Wala mwananchi hana ruhusa ya kumchukia kila askari mgeni kwa kosa la mmoja. Jina lenyewe la Wendani kwa Kikuyu ni kupendana. Kupendana huko kunaanza kwa kutendeana haki.

TUTENDE: MTU AKIUMIZWA TUFANYE NINI?

Hatua hizi zinafaa kwa askari wa kigeni, kwa askari wetu, na hata kwa lori la mawe likimgonga mtu kule Juja. Mwandishi wa kikundi azinakili kwenye daftari.

1. Aliyeumia apate matibabu kwanza. Kama amenajisiwa, asioge wala asifue nguo. Afike hospitali haraka, kabla ya saa 72 kwisha, ili apewe dawa za kuzuia ukimwi na mimba. Aombe fomu ya PRC ijazwe. Mwanamke mmoja wa kikundi amsindikize.

2. Apige ripoti polisi siku hiyo hiyo. Asiondoke bila nambari ya OB. Aombe fomu ya P3, na fomu yenyewe haiuzwi.

3. Andikeni: tarehe, saa, mahali, nambari ya gari, rangi ya magwanda, jina lililo kifuani, na askari yule alikuwa akifanya nini. Mpige picha kama simu ipo.

4. Tafuteni mashahidi wawili au watatu, waandike majina na watie sahihi au kidole.

5. Tengenezeni nakala za kila karatasi. Moja ikae kwa mwenyewe, nyingine kwenye sanduku la kikundi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kesi ni hivyo hivyo.

6. Msichelewe. Madai ya kuumizwa kwa kawaida yana muda wa miaka 3, na yakiwa dhidi ya Serikali yetu ni miezi 12 tu. Kesi ya mauaji haiozi.

7. Msitie sahihi karatasi msiyoielewa. Msipokee pesa za kunyamaza, hata kama aliyezileta ni mzee wa heshima.

8. Ukiona chuma usichokijua kwenye malisho karibu na uwanja wa mazoezi, usikiguse, usikipige jiwe. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, mwambie chifu au polisi.

9. Pelekeni jambo mbele: kwa kamati ya Haki na Amani ya parokia, kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, au kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Mnaweza pia kuandikia Bunge ombi chini ya kifungu cha 119 cha Katiba. Mkitaka karatasi iliyo katika ofisi ya serikali, sheria ya mwaka 2016 inawapa haki ya kuiomba na kujibiwa ndani ya siku 21. Yale ya siri za ulinzi wanaweza kukataa, lakini waandike sababu.

MCHEZO WA KUIGIZA

Watu watano. Mmoja ni mchungaji ambaye mbuzi wake 6 wamegongwa na gari la jeshi la kigeni. Wa pili ni afisa wa jeshi hilo, anayesema, "Dereva wangu alikuwa kazini." Wa tatu ni polisi aliyechoka, anayesema, "Hayo ni mambo ya mabalozi." Wa nne ni jirani anayetaka kuongeza mbuzi 10 wasiokuwepo. Wa tano ni mwandishi wa kikundi. Igizeni kwa dakika 10. Baadaye kikundi kiseme: je, mchungaji anaweza kulipwa hata kama dereva alikuwa kazini? (Ndiyo. Kazini au si kazini ni swali la nani amhukumu dereva. Mbuzi bado wana mwenyewe, na madai yana njia yake.)

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mambo manne tuliyosoma, ni lipi lilikuuma zaidi, na kwa nini?
2. Kwa nini ile kesi ya kina mama ilianguka, na ile ya mabomu ikasimama? Toeni sababu zaidi ya moja.
3. Kama mtoto wako ni askari Somalia akamuumiza raia, ungependa ahukumiwe wapi? Je, yule aliyeumia angekubali jibu lako?
4. Mkataba wetu wa kukodisha hema na viti unasema nini juu ya hasara? Kama hausemi, nani atauandika upya, na lini?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila kikundi kichague watu wawili. Mmoja aende ofisi ya mbunge aulize kwa heshima alisema nini Bunge lilipojadili mkataba wa Uingereza. Mwingine atengeneze sanduku au faili ya "Mambo ya Haki," akianza na makaratasi ya wanakikundi ambayo sasa yako chini ya godoro: hati, nambari za OB, barua za hospitali. Wasome ripoti yao mkutano ujao, nasi tungependa mtuandikie mlichopata.

Tuwaombee wote walioumizwa na bado wanangoja, na askari wote walio mbali na nyumbani, wa kwetu na wa wengine. Mungu awabariki.